Kusubu sanamu ndogo ya bronzi kwa mfano wa polistirini uliochongwa kwa mkono

Njia kongwe ya kusubu sanamu ni ya nta. Unafinyanga nta, unaizungushia udongo, unaichoma mpaka nta yote itoke, kisha unamimina metali kwenye uwazi uliobaki. Njia ninayoieleza hapa inaruka hatua ya katikati. Mfano unachongwa kwa polistirini, lile povu gumu jepesi linalofungashiwa televisheni na friji, nao hautolewi kabla ya kumimina. Unabaki umefukiwa mchangani. Bronzi ya moto inaukuta humo humo, inaugeuza gesi, kisha inakaa mahali pake. Mmarekani Harold Shroyer alipewa hataza ya wazo hili mwaka 1958, na baadaye viwanda vya magari vikaanza kusubia bloku na vichwa vya injini kwa jinsi hiyo hiyo.

Raha yake kwa mchongaji ni kwamba unachochonga ndicho kinachotoka. Hakuna kalibu ya mpira, hakuna nakala ya nta, hakuna kulinda tanuri usiku kucha. Karaha yake ni kwamba nafasi ni moja. Sanamu isipotoka, mfano nao umeshakwenda na moshi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla ya kuwasha moto.

Jambo la kushika kichwani tangu mwanzo ni gesi. Polistirini inapaswa kuondoka palepale bronzi inapowasili, na njia yake ya kutokea ni kupenya gamba (tabaka jembamba la jipsamu linalopakwa juu ya mfano) na mchanga unaoizunguka. Unene wa sanamu, gundi, gamba, mchanga, kasi ya mkono wakati wa kumimina: vyote vinaamua kama gesi hiyo itatoka au itanasa ndani. Ukikwama mahali ambapo mwongozo haukusema kitu, jiulize gesi itapita wapi. Mara nyingi utapata jibu.

Kuchagua povu

Polistirini ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya punje: ukiivunja inamwaga vijibonge vyeupe. Ni nyepesi sana, kilo 15 hadi 25 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo inatoa gesi kidogo. Ubaya wake ni kwamba kila punje itaonekana kwenye bronzi. Ya pili ni ya mbao laini zinazotumika kuzuia joto kwenye majengo, mara nyingi za rangi ya buluu au waridi. Hii haina punje, inachongeka vizuri kwa kisu na inakubali msasa, lakini ni nzito zaidi, mara nyingi kilo 28 hadi 40 kwa mita ya ujazo. Kwa sanamu ndogo yenye uso, vidole au manyoya, mimi nachagua hii ya pili na kuupunguza uzito kwa kutoboa ndani, kama tutakavyoona. Kwa umbo kubwa la mistari minene, ile ya punje inatosha, na alama za punje zinaweza hata kupendeza.

Usitumie povu la poliyurethani, lile la magodoro, la viti na la kopo la kupulizia kwenye nyufa. Likiungua linatoa sianidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu ya kuua. Usilitumie hata kidogo, hata kuzibia kitundu. Kama hujui povu ulilonalo ni la aina gani, dondoshea tone la asetoni kwenye kipande kidogo. Polistirini inayeyuka papo hapo na kubaki utelezi, wakati poliyurethani inakaa vilevile au inavimba kidogo tu. Jihadhari pia na mbao kuukuu za kuzuia joto zilizotolewa kwenye majengo. Nyingi zilitiwa kemikali ya bromini ya kuzuia moto, ambayo iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuzuia kemikali za sumu zinazodumu kwenye mazingira, mwaka 2013, na moshi wake ni mbaya kuliko wa kawaida.

Kuchonga

Kisu chenye wembe wa kuvunjwa vipande, kikiwa kipya, ndicho zana kuu. Wembe ukianza kufifia unararua badala ya kukata, basi vunja kipande na uendelee. Kwa kuondoa sehemu kubwa tumia waya wa moto, yaani waya wa nikromu uliovutwa kwenye fremu na kupitishiwa umeme wa volti ndogo. Waya usiwe mwekundu. Ukiona moshi mwingi, joto limezidi, na moshi huo una stairini, kemikali yenye madhara, hivyo kata mahali penye hewa inayopita.

Baada ya kisu, msasa. Anza na namba 120 na umalizie na 220 au zaidi, kwa mkono mwepesi sana, maana ukikandamiza povu linabonyea badala ya kusagika. Kipande cha msasa kilichobandikwa kwenye kijiti cha barafu au kuzungushiwa msumari kinafika pembe ambazo kidole hakifiki. Kila mkwaruzo utakaouacha utausoma baadaye kwenye bronzi, na kuondoa mkwaruzo kwenye bronzi ni kazi ya tupa na jasho. Dakika tano kwenye povu zinaokoa saa nzima kwenye metali.

Vitu vyembamba mno, kama nywele, kope au kamba, usivichonge kwenye povu. Ongeza kwa nta laini: kanda, bandika, chora kwa sindano. Nta nayo itaungua vizuri mradi iwe kidogo. Nta hiyo hiyo inaziba vitundu na kulainisha pembe za ndani. Pembe kali ya ndani ni mahali ambapo bronzi hupenda kupasuka ikipoa, kwa hiyo kila kiungo, kwa mfano mkono unapokutana na kiwiliwili, kipe mviringo kidogo.

Kuunganisha vipande, tumia gundi ya moto ya bunduki ile ya joto la chini, tena tabaka jembamba. Gundi nyingi haiishi kuungua, na pale ilipokuwa patabaki kovu. Gundi za mpira na rangi za kupulizia zina viyeyusho vinavyokula polistirini mbele ya macho yako.

Kumbuka pia kwamba bronzi inasinyaa ikipoa, karibu asilimia 1.5 hadi 2. Sanamu ya sentimita 15 itapungua milimita mbili au tatu. Kwa ndege au kichwa cha mtu haidhuru. Kama sanamu inapaswa kuingia kwenye tundu la kitako ulichokwisha kutengeneza, inadhuru.

Unene, na kwa nini utoboe ndani

Mtu anayeanza hutaka sanamu nzima iwe bronzi tupu mpaka katikati. Inawezekana kwa kitu cha ukubwa wa yai. Zaidi ya hapo, sehemu nene inabaki majimaji baada ya sehemu nyembamba kuganda, na inapoganda mwishoni inajivuta na kuacha shimo au bonde usoni. Isitoshe, povu jingi ni gesi nyingi.

Basi geuza mfano chini juu na uchimbe kutoka kwenye kitako kwa kijiko kilichonolewa, waya wa moto uliokunjwa, au drili ya mkono yenye brashi ya waya. Lenga ukuta wa milimita 6 hadi 8, na muhimu zaidi ulingane kila mahali. Ukiushika mfano mbele ya taa kali utaona mwanga unavyopenya: penye giza ni penye unene, penye mwanga mwingi umeshazidisha kuchimba. Kitako chenyewe kiache na ukingo mnene wa kama milimita 10, kwa kuwa bronzi itaingilia hapo. Chini ya milimita 4 usishuke, la sivyo metali itaganda kabla haijafika mwisho.

Shina na matawi

Shina ni kipande cha povu kinachopanda kutoka kwenye sanamu hadi juu ya mchanga, na bronzi itapita humo. Kwa sanamu ndogo kuna mpangilio mmoja ambao ni rahisi na hauleti fujo. Sanamu inazikwa kichwa chini, kitako juu. Shina la mraba au duara la milimita 25 linasimama wima juu ya kitako, na mwisho wake wa chini unagawanyika matawi mawili yanayoshika ukingo mnene pande mbili. Faida zake ni nyingi. Mdomo wa shimo ulilochimba unaangalia juu, hivyo mchanga unaingia ndani bila shida. Sehemu nene iko juu, karibu na shina, kwa hiyo inaendelea kunyonya bronzi inapoganda. Na makovu ya kukata matawi yanabaki chini ya kitako, ambako hakuna atakayeyaona.

Mkono ulionyooshwa, bawa, au mkia unaoshuka kisha kupanda tena unaweza kunasa gesi kwenye ncha. Uunganishe na kiwiliwili kwa kitawi chembamba cha povu au nta cha milimita 6, ambacho utakikata baadaye. Nyuso pana bapa zisilale mlalo mchangani, ziinamishe.

Shina liwe refu, sentimita 15 hadi 20 juu ya kitako. Uzito wa bronzi iliyosimama ndani ya shina ndio unaosukuma metali kwenye vidole na pua. Shina fupi hutoa sanamu isiyo na vidole.

Sasa pima. Chomeka sindano ndefu kwenye mfano, uzamishe wote kwenye chombo kilichojaa maji hadi ukingoni, na ukinge maji yanayomwagika. Fanya hivi kabla ya kupaka gamba, na uhakikishe maji yameingia kwenye shimo la ndani, la sivyo utahesabu hewa. Kila sentimita moja ya ujazo ni gramu 8.5 za bronzi ya silikoni, yaani shaba yenye silikoni kidogo. Tuseme sanamu imemwaga sentimita za ujazo 180: hiyo ni gramu 1,530. Shina, matawi na kinachobaki kwenye kikombe cha kumiminia, tuseme 160: gramu 1,360. Jumla ni 2,890. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya takataka na dharura, unapata kama kilo 3.3. Hizo zitakalia kama sentimita za ujazo 390, na kwa kuwa chungu hakijazwi zaidi ya robo tatu, tafuta chungu cha 550 au zaidi. Bronzi ikibaki unaimimina pembeni na kuitumia siku nyingine. Ikipungua, umepoteza kila kitu.

Gamba

Ukiuzika mfano bila kitu juu yake, mchanga utaanguka kwenye nafasi kati ya povu linalorudi nyuma na bronzi inayokuja. Gamba linazuia mchanga huku likiruhusu gesi kupita. Jipsamu ya kuzibia viungo vya bodi za dari, ile inayouzwa ndooni ikiwa tayari ni rojo, inafaa sana. Izimue kwa maji mpaka iwe na uzito wa mtindi. Ukichovya kidole, rangi ya ngozi isionekane na rojo lisidondoke kwa mabonge.

Chovya mfano wote ukiwa umeshika shina, au mwagia kwa kikombe. Povu linaelea, kwa hiyo litakupinga, na mikono myembamba huvunjika hapa kuliko mahali pengine popote. Kwa sanamu tete mimi humwagia na kumalizia pembe kwa brashi laini. Pulizia viputo vya hewa vinavyojificha kwenye macho, masikio na mikunjo, maana kila kiputo kitageuka kuwa kibonge cha bronzi. Usisahau ndani ya shimo. Juu ya shina usipake, acha povu wazi.

Matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja nene, na jumla iwe karibu milimita moja. Gamba nene mno linafungia gesi. Ning'iniza mfano mahali penye hewa, au mbele ya feni. Ukiutia kwenye kabati la joto, lisizidi nyuzi 50 za Selsiasi, kwa sababu polistirini huanza kulegea inapokaribia 90 na sanamu yako hujikunja kabla ya hapo kama ina sehemu nyembamba.

Gamba limekauka lini? Usiamini jicho wala kidole. Weka mfano kwenye mizani ya jikoni asubuhi na jioni na uandike uzito. Unaposhuka, maji bado yanatoka. Ukisimama palepale mara mbili mfululizo, limekauka. Hali ya hewa ikiwa na unyevu inaweza kuchukua siku kadhaa, nazo usizifupishe.

Mchanga

Unatakiwa mchanga mkavu, mwembamba, usio na udongo, bila kitu chochote cha kuushikanisha. Wa ufukweni wenye vipande vya kombe haufai, kwani kombe likipata moto linatoa gesi yake. Uchekeche kwenye wavu wa mbu, kisha uukaange kwenye karai la chuma mpaka usitoe mvuke tena, uuache upoe kabisa. Vaa barakoa ya vumbi inayobana uso vizuri unapouchekecha. Vumbi la silika huharibu mapafu pole pole na bila dalili za mapema.

Chukua ndoo ya chuma, si ya plastiki. Tandaza mchanga sentimita 7 chini. Shika mfano kichwa chini katikati, na mtu wa pili amimine mchanga kidogo kidogo pande zote kwa usawa, kwanza ndani ya shimo la sanamu. Wakati huo huo gonga ubavu wa ndoo kwa nyundo ya mpira, mapigo mepesi ya haraka. Utaona mchanga unatiririka chini ya kidevu na kwapani wenyewe. Mapigo mazito yanapasua gamba. Endelea mpaka mchanga uwe sentimita 8 hadi 10 juu ya kitako, na shina lichomoze kidogo. Ukijaribu kulitikisa shina na likakataa, mchanga umeshika.

Vika juu ya shina kopo la bati lisilo na mfuniko wala kitako, lililopakwa gamba lile lile ndani na kukauka. Hicho ndicho kikombe. Zungushia mchanga mpaka nusu yake, kisha kifunike kwa kigae mpaka saa ya kumimina. Chembe za mchanga zikiingia humo zitaishia usoni mwa sanamu.

Bronzi ipi

Bronzi ya silikoni, yenye shaba karibu asilimia 95, silikoni kama 4 na manganisi 1, ndiyo wanayopenda wasubu sanamu wengi leo. Haina risasi, inatiririka vizuri, na inaweza kuungwa kwa kulehemu endapo kuna tundu. Ukitaka ile ya kale, changanya shaba 90 kwa stani 10: yeyusha shaba kwanza, stani uitie mwishoni, na kabla tu ya kumimina tia kipande kidogo cha shaba yenye fosforasi ili kuondoa oksijeni.

Mabomba ya maji na makufuli ya shaba ya njano yanavutia kwa kuwa yapo kila mahali, lakini yaache. Yana zinki, ambayo huchemka kwa nyuzi 907, chini ya joto tutakalolihitaji. Unaona moshi mweupe mzito, na jioni unapata homa, baridi na kifua kubana. Mengi yana risasi pia.

Kujikinga

Maji na metali iliyoyeyuka havikutani. Tone la maji linalogeuka mvuke linachukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya lilivyokuwa, na likinaswa chini ya bronzi linairusha hewani. Kwa hiyo chuma chochote kinachoingia chunguni au kugusa bronzi kipashwe moto kwanza, iwe koleo, kijiko cha kutolea takataka au kipande cha kuongeza. Usimimine juu ya sakafu ya saruji. Saruji ina unyevu ndani hata ikionekana kavu, nayo hulipuka vipande. Tandaza mchanga mkavu wa sentimita kadhaa chini ya tanuri, chini ya ndoo, na njia nzima kati yake.

Vaa buti za ngozi, na suruali ije juu ya buti, isichomekwe ndani. Aproni ya ngozi, glovu ndefu za ngozi, kinga ya uso nzima, na nguo za pamba au sufu. Nailoni na poliesta zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kazi yote ifanyike nje, upande upepo unakotoka. Moshi wa polistirini una stairini na masizi meusi, na barakoa ya vumbi haiusaidii chochote, inatakiwa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu kwa ajili ya kuzimia. Maji ya bomba yawepo pia, mbali na eneo la kazi, kwa ajili ya mtu aliyeungua tu: dakika 20 za maji ya baridi yanayotiririka, kisha hospitali.

Kabla ya kuwasha moto, fanyeni zoezi na chungu kitupu cha baridi. Nani anashika koleo, nani anafungua tanuri, mguu unakanyaga wapi, chungu kinarudi wapi baada ya kumimina. Fanyeni mpaka msihitaji kuongea.

Kuyeyusha

Tanuri dogo la gesi lenye feni ya kupulizia linatosha. Chungu kiwe cha udongo na grafiti, na kiwe cha bronzi pekee, si kile ulichoyeyushia alumini. Kikiwa kipya kipashe moto taratibu mpaka kiwe chekundu kabla ya kazi ya kwanza, ili unyevu wake utoke bila kukipasua. Panga vipande vya bronzi bila kuvibana. Vikibanwa vinatanuka na kukivunja chungu.

Ikishaanza kuyeyuka, ongeza vipande vilivyopashwa moto. Usikoroge koroge, maana kila ukikoroga unaingiza hewa. Pima kwa kipimajoto cha waya kinachohimili zaidi ya nyuzi 1,200. Bronzi ya silikoni huwa majimaji kabisa ikifika kama 1,030, lakini kwa kazi hii hiyo haitoshi, kwa sababu povu linakula joto linapogeuka gesi. Mimina kati ya 1,150 na 1,200. Ukiichelewesha motoni zaidi ya hapo inanyonya hidrojeni, na utaiona baadaye kama vitundu vidogo vidogo kila mahali.

Ikifika joto hilo, zima tanuri, toa chungu, kwangua mavi ya metali yanayoelea juu kwa kijiko cha moto, na uende. Kati ya kuzima moto na kumimina zisipite sekunde nyingi.

Kumimina

Ondoa kigae. Leta mdomo wa chungu karibu na kikombe, sentimita tano hivi, na anza. Sekunde ya kwanza povu la shina litawaka, ndimi za moto na moshi mweusi vitapanda, na bronzi itasita. Hapo ndipo wengi hushtuka na kuinua chungu, na hapo ndipo sanamu nyingi hufia. Usisimame. Mimina kwa mkondo mmoja, wa haraka kiasi cha kukiweka kikombe kimejaa muda wote, lakini usiwe wa kukimwagisha. Kikombe kikiwa kimejaa, uzito wa bronzi unausukuma moto chini na kuufungia hewa. Ukiacha kikauka hata kidogo, mchanga unabomoka ndani na hakuna kurudi.

Simama ubavuni mwa ndoo, uso usiwe juu ya kikombe. Ikitokea bronzi inachemka na kurushwa juu, gamba halikukauka au ni nene mno. Malizia kama ni salama, rudi nyuma kama si salama. Kikombe kikijaa na kisishuke tena, umemaliza. Bronzi iliyobaki iimimine kwenye kalibu ya chuma iliyopashwa moto.

Acha ndoo saa mbili au zaidi. Moshi utaendelea kutoka mchangani muda mrefu, kwa hiyo usiiingize ndani ya nyumba.

Kusoma ulichopata

Mwaga mchanga, vunja gamba kwa kijiti na brashi ya waya, osha ikiwa imepoa. Itakuwa nyeusi na ya kutisha, usikate tamaa kwa rangi hiyo.

Ncha ambayo haikufika, yenye ukingo wa mviringo laini, maana yake bronzi ilipoa njiani: joto lilikuwa dogo, ukuta mwembamba, au shina fupi. Mstari kama mkunjo wa nguo ni mahali ambapo mikondo miwili ilikutana ikiwa imepoa. Shimo lenye kuta za kung'aa ni gesi. Shimo lenye kuta chafu na chembe ni mchanga, na uangalie gamba lilipasukia wapi. Bonde kwenye sehemu nene ni kusinyaa, na dawa yake ni kisu cha kuchimbia ndani mara nyingine. Uvimbe wa bronzi wenye ngozi ya mchanga kando ya sanamu unaonyesha kwamba mchanga haukugongwa vya kutosha mahali pale.

Kasoro ndogo zinarekebishika. Tundu linajazwa kwa kulehemu kwa fimbo ya bronzi ile ile, halafu linachongwa. Tundu la milimita mbili tatu unaweza kulipekecha kwa drili, ukagongea kijiti cha bronzi na kukisawazisha kwa tupa, na hakitaonekana.

Kumalizia na rangi

Kata matawi kwa msumeno wa chuma au grenda, ukiacha milimita kadhaa, kisha shusha kwa tupa. Funga sanamu kwenye jiliwa ukiwa umeikinga kwa vipande vya mbao. Kwa uso na mikunjo tumia tindo ndogo na tupa za sindano. Fuata mwelekeo wa visu vyako vya awali. Mahali palipopigwa tupa kinyume na mchongo huonekana hata chini ya rangi. Si lazima kulainisha kila kitu, maana alama za kisu kwenye povu zina uhai ambao msasa unaua.

Kwa rangi ya kahawia hadi nyeusi, tumia salfaidi ya potasiamu iliyozimuliwa kwenye maji ya vuguvugu. Kwanza ondoa mafuta yote, pasha sanamu kidogo kwa moto wa gesi mpaka tone la maji likigusa lichemke taratibu, kisha paka kwa brashi tabaka baada ya tabaka. Inanuka yai viza, kwa hiyo fanya nje, na isikutane kamwe na asidi, kwani inatoa gesi ya sumu. Bronzi ya silikoni ni mbishi kupokea rangi kuliko ya stani. Isugue kwanza kwa brashi ya shaba au irushie mchanga ili ishike. Kijani cha kale hupatikana kwa naitreti ya shaba juu ya metali yenye joto, na kazi hiyo inataka glovu, barakoa ya kemikali na subira.

Rangi ikikupendeza, suuza vizuri, kausha, pasha tena mpaka sanamu iwe ya moto kiasi cha kushikika kwa shida, na upake nta ya nyuki kwa kitambaa. Nta itayeyuka na kunywewa. Ikipoa, sugua kwa kitambaa kikavu. Sehemu zinazochomoza, pua, magoti, mgongo wa ndege, zisugue zaidi mpaka bronzi ianze kung'aa chini ya rangi. Ikikaa ndani ya nyumba haitahitaji kingine kwa muda mrefu. Ikikaa nje, rudia nta kila mwaka kabla ya majira ya mvua.